Kwa Banhofu

Jumatatu, 4 Mei 1959
Kristina, mwalimu mwenzangu, kaja na kitabu cha magari moshi ya Ulaya. Tumekitandaza kitandani, mvua inapiga bati, hatujaelewa hata ukurasa mmoja. Gari laondoka saa 22.15. Saa ishirini na mbili ndiyo saa ngapi? Nimetoa sita, nikabaki na kumi na sita, nayo si saa. Kristina kasema toa kumi na mbili kwanza. Tukapata saa nne na robo. Ya usiku — au ya asubuhi. Tukafunga kitabu tukanywa chai.

Jambo lenyewe ni hili. Chuo chetu cha Uingereza kinafunguliwa Septemba, meli yatushusha Italia Julai. Katikati pana wiki tele za bure. Na ipo pasi moja ya reli — nchi kumi na tatu! Unapanda gari lolote, unashuka utakapo. Lakini ukishafika Ulaya huipati, lazima uichukue ungali kwenu. Bi mkubwa wa shule ndiye atakayetuagizia, anataka jibu Jumamosi ya wiki ijayo.

Mama kasikia "pasi". Kauliza, kwani huko hakuna pasi mpaka mbebe ya hapa? Nimemweleza. Kasema basi na makaa msisahau.

Nataka kwenda. Nataka mpaka naogopa.

Jumatano, 6 Mei
Nimemwambia baba. Hakukataa. Angekataa ningejua la kufanya. Aliuliza neno moja tu: mtafikia kwa nani?

Nikasema Venisi. Akasema huo ni mji, yeye kauliza mtu. Nikasema Viena. Huo nao mji. "Mwanangu, mgeni hafikii mji. Hufikia kwa mtu."

Chuo hakimsumbui, chuo kina mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu ana jina. Lakini huko katikati? Yeye hata alipokwenda Moa, hapa karibu, usiku mmoja tu, alifikia kwa Shehe Idarusi. Msafiri kafiri, kasema, hana wa kumwonea huruma ila mwenyeji wake. Nimpe jina la mwenyeji wa kila mji nitakaolala, naye atanipa radhi.

Bila radhi ya baba siendi. Hilo sibishani hata na nafsi yangu.

Baba yake Kristina huko Maramba kasema Mungu awatangulie, basi, yamekwisha. Ningependa nami nijibu hivyo. Lakini namjua baba yangu, Mzee Uweso. Atasema Mungu yuko hata hapa Makorora, kaeni.

Jumamosi, 9 Mei
Nimepata!

Nyuma ya kitabu pana ramani ndogo ndogo za miji. Basel, Munich, Viena, Hamburg — kila mji pana jengo kubwa jeusi, na jina ni lilelile: Bahnhof. Kwingine Hauptbahnhof. Huyo labda ndiye kaka mkubwa. Ukoo mmoja, kila mji wana nyumba, na nyumba yenyewe katikati ya mji! Si ajabu. Hata hapa wapo wenye maduka ambao jina lao huliachi mpaka ufike Moshi. Hawa bila shaka ni wenye nyumba za wageni.

Nimekimbia kumwambia baba. "Banhofu," kasema polepole. Akalirudia. Akauliza kama hupokea hata mgeni wa usiku wa manane. Nikasema nadhani. Akachezea tasbihi. Kisha akasema, watu wema hao.

Leo nimekula wali mara mbili.

Jumatatu, 11 Mei
Stesheni. Maana yake ni stesheni!

Kristina kacheka mpaka kakaa chini sakafuni, mbele ya wanafunzi. Bibi yake alilelewa na masista wa Kidachi, yaani Wajerumani, maneno hayo wanayo nyumbani. Banhofu si mtu. Kaka mkubwa ni stesheni kuu. Nami ati ni mwalimu.

Nikaja nyumbani nimekaza moyo. Mama kakaa ukumbini anashona ukili, kawa jipya la kufunikia chakula, jekundu na zambarau. La nani? La mke wa Banhofu. Baba kasema mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Na baada ya alasiri nimemsikia kwenye msala wake, anawaombea mmoja mmoja — Banhofu wa Basel, Banhofu wa Viena, na watoto wao.

Nimefungua mdomo. Nikauliza kama chumvi ipo.

Jumatano, 13 Mei
Kaja Mzee Kombo, rafiki wa baba tangu utoto. Wamekaa barazani, mie nyuma ya mlango. Baba kamweleza habari za wenyeji wangu, mji kwa mji. Nilitamani ardhi inimeze.

Mzee Kombo kauliza kama Banhofu bado anayo ile saa kubwa ukutani. Baba kasema Banhofu hakosi saa. Basi wakacheka, wakacheka mpaka kikohozi. Nimemuuliza mama wanacheka nini. Kasema wazee hao, waache.

Ile saa ipi? Sielewi kitu.

Ijumaa, 15 Mei
Sijamwambia. Jibu ni kesho.

Nikinyamaza napata radhi, lakini ameitoa kwa mtu asiyekuwepo. Nikisema, hakuna radhi, hakuna pasi. Kristina ananishauri ninyamaze. Kisha kasema hapana, sema. Kisha kasema yeye hajui, baba si wake.

Kawa limekwisha. Zuri. Nalionea haya.

Jumamosi, 16 Mei
Nimeamka nimeamua. Nimemkuta baba kavaa kanzu ya Idi na koti juu yake. Nikasema shikamoo baba, nina neno kuhusu Banhofu. Kasema yeye pia analo. Anataka nimpeleke kwake leo, kabla sijaenda kwa bi mkubwa.

Kwake wapi?

"Kwa huyu wa hapa Tanga."

Kasema wakati wa Mdachi, babu alipofariki, yeye alikuwa kijana mdogo anabeba mizigo ya abiria. Hakuwa na pa kulala. Alilala kwa Banhofu, juu ya magunia, chini ya ile saa, yeye na Kombo. Kijana wa Kitanga mwenye tumbo tupu, na hakuna aliyemfukuza. Wala sikujua! Nimefundisha habari za Wajerumani miaka mitatu darasani, sikufikiria hata siku moja kwamba zimo humu nyumbani mwetu.

Kumbe alijua tangu siku ile nilipomtajia jina kwamba Banhofu ni stesheni. Nikataka kuomba msamaha, kaniinulia mkono. Kasema mtoto hapelekwi kwa wenyeji kwa maneno. Atanikabidhi kwa mkono wake. Au atatazama pale mahali tena, aone kama bado panafaa kumlaza binti wa mtu, halafu ndipo atajua la kusema.

Radhi hajasema. Hajasema pia kwamba hatasema.

Nimeingia chumbani kuchukua buibui, nimekaa naandika. Namsikia mlangoni. Kawa kalishika yeye mwenyewe. Ananiita mara ya pili, anauliza viatu vyangu viko wapi.