Nusu ya Jina Lako

Patron Selestin,

Mashine yako ya kuchonga majina ya makaburini bado inanguruma hapa karakana, barabara ya kwenda Mahoko. Siku hizi naiendesha mimi. Kila asubuhi nikiiwasha nageuka kuangalia kama umeingia.

Ulipofariki, kompyuta yako nayo haikukawia kukufuata. Nilinunua nyingine, nikaichukua ile programu ya kuiongoza mashine uliyoiandika kwa Pascal, lugha yako ya kompyuta, nikaipitisha kwenye Pascal mpya. Ilikubali bila kulalamika. Nilivyojigamba! Nikasema kazi ya kwanza iwe yako: bamba la msalaba wako, kwa misa ya mwaka.

Patron, lilitoka nusu. S, pengo, e, pengo, l, pengo, e. Halafu shaba tupu.

Mjane wako, Mama Diane, alikuwa amesimama mlangoni. Alilishika, akaniuliza, "Donc, kumbe ni nusu yake tu iko hapa?" Niliogopa, nikadhani wewe mwenyewe umekataa kuandikwa.

Ndipo nilipokukumbuka ukitafuna sambaza, vile visamaki vya ziwani, juu ya kibodi yangu: "We usiamini macho, hesabu baiti." Zamani zako herufi moja ilikaa kwenye baiti moja, kwa hiyo ulihesabu herufi, ukaipelekea mashine baiti kwa idadi hiyo hiyo. Pascal mpya inaipa kila herufi baiti mbili, na kwa herufi za majina yetu baiti ya pili huwa tupu. Programu yako, masikini, ilihesabu herufi nane ikatuma baiti nane badala ya kumi na sita. Nusu ya jina, na utupu katikati.

Dawa yake ilikuwa ndogo. Niliiambia Pascal waziwazi itumie AnsiString, ile aina ya zamani ya baiti moja moja, na jina likatoka zima.

Jumapili tulikuwekea bamba. Mama Diane alilifuata kwa kidole herufi kwa herufi mpaka mwisho, akalia. Nami nikalia.

Lile la nusu nimeshindwa kulitupa. Nimelitundika juu ya mashine. Upepo wa ziwa ukiingia linagonga ukuta, nami naitika "Ndiyo, patron," kabla sijakumbuka. Wateja wananitazama vibaya.

Pumzika sasa, patron wangu. Nakuahidi hakuna jina la mtu litakalotoka mlangoni kwako kabla sijahesabu baiti zake.

Na bamba likigonga, nitaitika.

Mwanafunzi wako,
Issa