Glavu za Kijani Tumboni

Patroba, ng'ombe wetu amekufa. Usicheke, leo sitanii.

Unakumbuka vile nilikuwa nikimtania mama eti tumbo la ng'ombe limefura, tungojee mapacha? Mchinjaji amelipasua. Mifuko, karatasi za mkate, na glavu za kijani. Glavu, Patroba! Zile zile wanafunzi wa chuo cha hapa jirani walivaa mwezi jana wakifagia na kuimba "tunza mazingira", halafu takataka yote wakairusha nyuma ya fensi yao.

Na angekula wapi kwingine? Tangu bei ya miwa ipande, kila mtu amelima miwa mpaka mlangoni.

Sasa sikia. Cornelius, mwenyekiti wao wa mazingira, akaja mbio. Nikadhani analeta pole. Akatoa simu.

"Mama, sogea kidogo nipige picha. Itasaidia kampeni yetu."

Kampeni!

Mama akamtazama tu, mtoto wa dada Pascalia akilia mgongoni mwake.

"Piga, mwanangu. Na jioni huyu mtoto nimpe hiyo picha badala ya maziwa?"

Akapiga. Haki ya Mungu, Patroba, alipiga.