Goti Langu na Omena za Nyamoita

Jumapili, 14 Januari 1996

Goti la kulia limevimba kama kichwa cha mtoto. Nimelipandisha juu ya kiti na kitambaa cha maji baridi, na tangu asubuhi Muhuru Bay nzima imepita hapa kusema pole. Pole haipunguzi uvimbe. Zilpah, msaidizi wangu katika ushemasi, ameniletea mafuta ya samaki mbuta kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Ati nipake mara tatu kwa siku. Nimepaka mara moja, na sasa paka wa jirani yuko mlangoni hataki kuondoka.

Wote wanauliza: Mwalimu, ulianguka vipi? Nawaambia niliteleza jana kwa omena za Nyamoita, mchuuzi wa dagaa, alizimwaga njiani, basi. Wanatikisa vichwa. Watu wa Kuria, wanasema, wanajua ng'ombe, samaki hawawezi. Wao wenyewe wanamuuzia kila siku omena zilizochanganywa na mchanga, na leo ni wataalamu.

Hapa niandike ukweli, maana hakuna asomaye. Sikuteleza. Jana baada ya ibada nilipanda juu ya debe nyuma ya ua wa Nyamoita nichungulie kama anaanua omena siku ya Sabato. Mvua ilikuwa inakuja, na mfanyabiashara akiona mvua husahau amri ya nne. Nilikuwa na hakika. Debe likapinduka, mguu ukabaki nyuma. Sikuona hata omena moja. Shemasi mkuu, miaka arobaini na sita, matopeni!

Jumatano, 24 Januari

Nimerudi shuleni. Nafundisha nimekaa. Darasa la sita wameshajua siwezi kufika viti vya nyuma, kwa hiyo huko nyuma sasa ni hoteli. Mwalimu mkuu anasema nitembee-tembee, goti linataka mazoezi. Mtu huyu akipanda kilima cha shule husimama mara nne akijifanya anatazama ziwa.

Jioni akaja Mzee Ryoba, mkandaji. Akavuta, akabonyeza, akasema mshipa umeruka. Nikamuuliza umerukia wapi. Akakasirika, akaondoka na kuku wangu.

Maumivu: kushuka ngazi, kuchuchumaa chooni, kuinuka. Kupiga magoti haiwezekani kabisa. Kanisani nasali nimeketi, kama mgeni rasmi.

Nyamoita hajaja kusema pole. Zilpah anasema anaona haya. Afadhali.

Jumanne, 13 Februari

Halmashauri ya kanisa imekaa. Mzee Ongeri alizungumza nusu saa juu ya upendo, kisha akatoa hukumu: Nyamoita aondoe nyavu zake za kuanikia kando ya njia, na asishiriki Meza ya Bwana mpaka apatane nami. Mimi sikuomba hayo. Sikuyakataa pia. Nyavu amezihamishia kule kwenye matete, ambako ndege watakula nusu ya mali yake. Na huyo ni mjane, omena ndizo shamba lake.

Jioni alikuja mwenyewe. Hakuingia, alisimama mlangoni.

"Mwalimu, mi nakuonea huruma na hiyo mguu. Lakini omena yangu yote nilianua Ijumaa, jua ikiwa bado juu. Na hiyo Sabato sikuwa nyumbani. Nilikuwa kwa mama Dolphine, ule mgonjwa. Sasa hiyo ya njiani ilimwagwa na nani?"

Nikamwambia labda zilikuwa za zamani.

"Omena ya zamani haitelezi, Mwalimu. Inavunjika tu."

Akaniaga kwa adabu, akaenda. Mwanamke ambaye hawezi kutamka Zaburi bila kujikwaa ananifundisha mimi omena! Na ni kweli haitelezi. Nimejaribu jikoni.

Jumatatu, 4 Machi

Homa Bay. Tumelala kwa shangazi yake Zilpah ili tuwahi foleni ya hospitali. Picha imepigwa. Daktari ni kijana ambaye ningeweza kumpa adhabu ya kung'oa nyasi. Mfupa ni mzima, anasema, ila kano la ndani ya goti limechanika kidogo.

Akauliza nilianguka vipi. Nikasema niliteleza. Akalikunja goti, akalizungusha, nikashika mkono wa Zilpah mpaka akalalamika.

"Madam, mtu akiteleza anaanguka na makalio. Hii ni kama ulitoka juu, mguu ukabaki umejipinda. Ulikuwa umepanda nini?"

Nikamwambia atibu goti, historia aniachie. Akaandika vidonge na bandeji. Nisipige magoti miezi mitatu. Hata baada ya hapo, siku za baridi litaniuma, labda miaka. Alisema hivyo huku akitafuta kalamu yake.

Zilpah hakusema neno njia nzima ya kurudi. Zilpah, ambaye hata katika sala ya kimya husikika! Nilimchukia kwa hilo kuliko daktari.

Ijumaa, 29 Machi

Kesho tunatawadhana miguu kabla ya Meza. Mimi siwezi kubeba mabeseni, kwa hiyo jozi za wanawake amezipanga Zilpah. Ameniweka na Nyamoita. Ati ni agizo la Mzee Ongeri, tupatane mbele ya watu.

Nimeshapata jibu. Atanitawadha mimi, na mimi nitasema daktari amekataza kupiga magoti. Angalau safari hii goti litanifaa.

Sabato, 30 Machi

Niko nyuma ya kanisa, nimekalia matofali yaliyobaki ya ujenzi. Daftari lilikuwa kwenye mfuko wa Biblia. Niandike nikiwa na akili.

Nyamoita alianza. Akapiga magoti, akanitawadha taratibu, na mguu mbaya akaushika kwa kisigino ili usijikunje. Daktari hakufanya hivyo. Kisha akasema, wanawake wote wakisikia, "Kama nimekukosea, Mwalimu, unisamehe." Nami nikajibu, "Nimekusamehe." Nilimsamehe! Kwa lipi?

Ikawa zamu yangu. Nikasema maneno ya daktari. Wanawake wakasikitika vizuri, nikadhani yamekwisha. Nyamoita akafikiri kidogo. Akaliweka beseni juu ya benchi, akashika bega la Zilpah, akapanda mwenyewe juu ya benchi, mwili wote ule, akatia mguu kwenye maji mbele ya kifua changu.

"Sasa hauna haja ya kupiga magoti," akasema.

Nilitafuta kejeli usoni mwake. Kejeli naijua, ni kazi yangu. Haikuwepo.

Nikautawadha mguu wa kulia. Unyayo umepasuka kwa kutembea kule kwenye matete, na pale pasipokuwa na nyufa kuna vidonda vya kukatwa na majani. Hivyo vidonda ni vyangu. Nikaukausha. Na desturi ni kwamba anayetawadha naye aombe msamaha wake. Wote wakanitazama mdomo. Ninajua kusema mbele ya watu, nimesema miaka ishirini na mbili. Nikasema goti linawaka moto, nipate hewa kidogo.

Wanaume wameshamaliza chumbani kwao. Wanaimba wimbo uleule mara ya pili kusubiri wanawake. Nikirudi ndani nikasema, ushemasi umekwenda, na Jumatatu darasa la sita watakuwa wanajua. Nisiposema, yule ataendelea kuanika matopeni na kukaa nje ya Meza.

Zilpah ametokeza mlangoni. Hakunipa pole.

"Bado amesimama juu ya benchi," amesema. "Mguu mmoja umeoshwa, mmoja bado. Amesema atakungoja."

Nimebonyeza goti kwa vidole, kila upande. Haliumi hata kidogo. Nimebonyeza tena, kwa nguvu.