Baba, Kesho Hakimu Ataniuliza

Kwako Baba, uliyelala Ipole,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia.

Kesho asubuhi napanda kizimbani. Miaka yote nimekaa benchi la waandishi wa habari nikisikia wengine wakisomewa mashtaka. Safari hii ni mimi. Kuendesha gari bila uangalifu na kusababisha majeraha. Nilimgonga Mzee Pazi, fundi baiskeli, Mzaramo aliyeoa Kwihara. Nilikuwa natoka mjini jioni, jua limenikabili. Yeye alikuwa pembeni mwa barabara akikokota baiskeli. Nilimwona nikiwa nimeshachelewa. Mguu wake ulivunjika.

Unakumbuka uliponifundisha kuendesha lori lako la tumbaku, barabara ya Sikonge? Jua lilinipiga, nikakaza macho. Ukanigonga goti: "Toa mguu kwenye mafuta kwanza! Macho baadaye." Jioni ile ya Kwihara nilikaza macho. Mguu sikuutoa.

Nilikwenda wodini kumpa pole. Aliponiona tu akapaza sauti: "Mnyamwezi! Mizigo ya kubeba hadi pwani imekuishia, sasa unabeba watu kwa bampa?" Wodi nzima ikacheka. Ni wewe uliyesema Mzaramo ni mtani wetu, na mtani hajibiwi kwa kimya, kumnyamazia ni kumfukuza. Nikajibu: "Nilikulenga, Mzaramo. Shabaha tu ndiyo mbovu."

Trafiki aliyekuja kuchukua maelezo hakucheka. Si mtu wa huku, utani wetu haujui.

"Mama, umesema ulimlenga?"

"Afande, muache huyo, ni mtumwa wangu!" akadakia Mzee Pazi, na mambo yakazidi kuharibika.

Wakili wangu anataka niseme si kweli. Lakini nikikana, kesi itasikilizwa, na maneno yangu ya wodini yatasomwa pale bila kicheko. Nikisema ni kweli, huenda ni faini, huenda ni jela. Nimeandika habari za watu waliokiri wakidhani watarudi nyumbani kula mchana.

Jana nilimtembelea Mzee Pazi nyumbani kwake. Nilisubiri anitanie. Hakunitania.

"Mwanangu," alisema taratibu, "wakiniita, nitawaambia mimi ndiye niliyeingia barabarani."

Aliyasema ameshikilia mguu ule wenye plasta. Hakuingia barabarani, Baba. Hapo ndipo hofu ilipobadilika. Nikikana, yule mzee atapanda kizimbani kwa magongo, ataapa, kisha atadanganya kwa ajili yangu.

Nitasema ni kweli. Wakili nimeshamwambia, amekata simu. Nimefunga mkoba: kanga, mswaki, dawa za presha. Mama anagomba kwamba kufunga mkoba ni uchuro, ni kujiitia jela. Kisha nimemwona akiufungua, akaongeza sweta, akaufunga tena bila kunitazama.

Naogopa, Baba. Lala salama.

Mwanao wa kwanza, uliyemwachia usukani