Kumbukumbu za Kikao cha Familia Kuhusu Koti la Msafiri

Tarehe: Jumamosi, 8 Juni
Mahali: Sebuleni kwa Baba Mkubwa
Waliohudhuria: Baba Mkubwa (Mwenyekiti), Dada Mkubwa (Katibu), Shangazi (fundi cherehani), Kaka, na mdogo wetu Msafiri
Hakuhudhuria: Shemeji, bila udhuru. Kuna mpira.

KUMB. NA. 1/ KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao kwa kulaumu wachelewaji. Wajumbe walikuwa wakimsubiri yeye.

KUMB. NA. 2/ YATOKANAYO
Katibu alikumbusha kwamba mwaka jana Msafiri alishuka basi akaingia moja kwa moja kwenye usaili wa uuguzi, amevaa koti la kitani aliloshonewa na Shangazi. Msaili alimuuliza kama alilala nalo. Kazi alipewa mwingine. Shangazi alisema kosa lilikuwa la kiti cha basi. Kaka aliguna. Shangazi alitaka mguno huo uandikwe. Umeandikwa.

KUMB. NA. 3/ JARIBIO
Yaliletwa makoti mawili: jipya la kitani, kazi ya Shangazi, na la dukani, kitambaa kizito kidogo, alilochagua Msafiri. Iliamuliwa yakaliwe kama kwenye basi hadi mwisho wa mjadala, ionekane lipi litakunjamana. Mwenyekiti alipewa la Shangazi, Kaka la dukani. Shangazi alipinga, akidai Mwenyekiti ni watu wawili. Wakabadilishana.

KUMB. NA. 4/ MSAFIRI
Msafiri alisema: "Jumatatu nashuka basi, naingia kwenye usaili. Sina pa kupigia pasi, na nafasi ya tatu hawatanipa. Shangazi, nakupenda, lakini safari hii naingia nimenyooka."

KUMB. NA. 5/ MATOKEO
Wajumbe walisimama. Mwenyekiti alisaidiwa. La kitani lilikuwa limekunjamana hadi kola. La dukani, pamoja na uzito wote ule wa Mwenyekiti, lilikung'utwa mara moja likatulia.

Shangazi alilichukua, akavuta kifungo kimoja, kikabaki mkononi mwake. Kaka alianza kucheka, akaacha. Shangazi alisema, "Hivi havifiki hata stendi," akatoa sindano. Aling'oa vifungo vyote akavishona upya, kisha akaongeza mfuko wa ndani wa vyeti, akiukata kutoka kwenye lile koti lake la kitani. Alikuwa analia, na aliagiza hilo lisiandikwe. Katibu ameshindwa kutii.

AZIMIO: Koti ni la dukani. Vifungo ni vya Shangazi.

KUMB. NA. 6/ KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa moja jioni, Shangazi alipokata uzi kwa meno. Msafiri alitoka amelivaa.

Mwenyekiti: ....................
Katibu: ....................