Sauti ya Mama-Bukwe

Jumatatu, 2 Juni

Nimetoka shuleni saa nane, nikafungua mashini. Ile laptop niliyonunua kwa mwanajeshi wa Base, kambi ya jeshi, bado inafanya kazi, ila vumbi la kiangazi limeingia kwenye klavye na herufi ya A haishuki vizuri. Kwaya ya parokia wanataka wimbo wao wiki hii. Sauti tisa, kila moja kwenye piste yake, njia yake peke yake ya kurekodia. Tenori wa pili anakohoa kila mahali. Nimekata vikohozi kumi na kimoja.

Nilipofika nilitikisa funguo langoni kama kawaida, ili mama-bukwe, mama mkwe wangu, apate muda wa kuondoka uani. Amekuja kutoka Kabondo-Dianda, siku mbili juu ya pikipiki, kumsaidia mke wangu Odette na mapasa, pacha wetu wachanga. Wiki ya tatu sasa. Heshima ya ukwe inatukataza kutazamana, kula pamoja, kuzungumza. Yeye yuko nyumba ya nyuma na mke wangu na watoto. Mimi nalala sebuleni na nyaya zangu. Miaka saba ya ndoa, na sauti yake nimeisikia kwa salamu tu, tena kupitia mlango.

Mapasa, Kyungu na Kabange, wanapokezana kulia. Nimechoka vibaya.

Jumatano, 4 Juni

Leo hakuna masomo, walimu tulikuwa tunapanga mitihani. Nikarudi mapema. Nyuma ya ukuta wa jiko mtu anaimba, anapiga beseni kwa viganja. Nilisimama na funguo mkononi, sikuzitikisa.

Ni yeye. Anaosha mapasa.

Odette alinikuta pale. Akacheka. "Mama iko anaimba kila asubuyi. Weye haukusikiyaka?"

Nyimbo za mapasa. Nilizisikia utotoni, nusunusu, kabla mama yangu hajatuziba masikio kwa sababu sisi ni watu wa kanisa. Zina matusi. Baba wa mapasa anatukanwa mpaka basi, ndiyo heshima yake. Odette anasema mama yake na dada zake walikuwa wanne wakiimba pamoja, wakiitwa kila penye mapasa. Watatu wamekufa. Amebaki mama peke yake, na kifua chake si kizuri. Odette anataka nizirekodi kabla mama hajarudi kwao.

Nikamtuma Odette akaombe. Jibu limekuja: "Aweke kile kichuma chake. Lakini yeye asikuwe pale."

Alhamisi, 5 Juni

Nimepitisha waya wa mikro, kinasa sauti changu, dirishani. Yeye ndani na beseni, mimi nje nyuma ya ukuta, nimekaa juu ya tofali, kaske masikioni.

Sikujua mikro inafanya hivi. Ukutani tuko mbali. Kwenye kaske yuko hapa kwenye shingo yangu. Nasikia anavyomeza mate, anavyovuta pumzi, kifua kinavyokwaruza kidogo mwishoni.

Ameimba kwa Kiluba kwamba baba wa mapasa ana miguu ya korongo, na nguvu ya wawili aliiba wapi. Ameimba kwamba mwalimu huyu anaandika ubaoni lakini nyumbani chaki yake haichoki. Nimeng'ata mkono wa shati nisicheke. Mama mkwe wangu, ambaye hawezi kuniambia "keti," ameniimbia hayo yote bila kutetereka.

Nina furaha leo. Naandika hivyo tu.

Jumamosi, 7 Juni

Kutwa nzima na sauti yake. Nimekata "eee" moja, sekunde mbili hivi, nikaiweka kwenye klavye. Ukibonyeza vitufe vya chini inakuwa nzito, vya juu inakuwa ya msichana. Nimewapanga wanawake wanane, wote wametoka katika "eee" ile. Beseni nimelifanya ngoma. Chini nimeweka besi, maana bila besi watu wa hapa hawachezi.

Wimbo wa kwaya sijaugusa.

Nimejua sasa pale anapovuta pumzi kabla hajavuta. Nampenda mama huyu. Ni aibu kuandika, na sijui nitamwambia nani, kwa hiyo naandika hapa.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya ibada nimempa Simplice wimbo kwenye simu. Ni rafiki yangu, anaendesha pikipiki ya kubeba abiria na spika amefunga chini ya kiti. Nilitaka tu anisikilizie besi. Amesema besi iko sawa.

Sikumwambia asimpe mtu.

Jumatano, 11 Juni

Wimbo uko sokoni. Uko kwa wauza vocha, uko kwa kinyozi. Simplice anasema hata kule Base wake za wanajeshi wanaucheza wakifua. Anasema kama habari njema.

Darasani watoto wa mwaka wa tano wananiangalia miguu.

Direkta wa shule ameniita. Mwalimu, tena mtoto wa parokia, na nyimbo kama zile. Anataka maelezo kwa maandishi. Nimesema ndiyo, ndiyo. Sikuwa namsikiliza. Nilikuwa nawaza kwamba kesho mama-bukwe anaenda sokoni kununua unga.

Nilipaswa kumwambia Odette jioni ile ile ya Jumapili. Nimeogopa. Mpaka sasa sijamwambia.

Alhamisi, 12 Juni

Amesikia.

Odette amerudi naye kutoka sokoni, uso umemvimba kwa kulia, hakunitazama. Mama ameingia moja kwa moja, ameanza kukunja vitenge vyake. Nimesikia yote kupitia dirisha lile lile.

"Niliimbia baba wa mapasa mu lupango yake. Sikuimbia balevi."

Lupango ni ua huu wetu; balevi ni walevi wa sokoni. Halafu akasema kitu ambacho sikukitarajia.

"Na Monga, alimutosha wapi? Monga alikufa mbele ya weye kuolewa. Sauti yake iko mule ndani. Nilisikia dada yangu pale kwa kinyozi. Bwana yako anafanyaka nini na bafu?"

Bafu kwao ni wafu, na Monga alikuwa dada yake mkubwa. Nimeelewa baada ya muda. Ni ile "eee" niliyoishusha. Nimeshusha sauti ya mdogo na imetoka sauti ya mkubwa.

Mama anadhani mimi ni mchawi. Sijala.

Ijumaa, 13 Juni

Nimezunguka na Simplice, mtu kwa mtu, kuomba wafute. Kinyozi amefuta mbele yangu. Wengine wamecheka. Haurudi tena, najua. Simplice ameomba msamaha mara tatu. Kosa ni langu.

Nimemwendea mjomba wa Odette, karani wa zamani wa reli, aseme kwa niaba yangu. Ameenda na kuku wawili na kitenge. Amekaa huko muda mrefu. Ametoka akasema: mama ataondoka Jumatatu, si kesho. Na kesho atasikiliza.

Jumamosi, 14 Juni

Mimi na mama tumekaa tumepeana migongo, dirisha katikati, Odette akipeleka maneno kama mkalimani ingawa sote tulisikiana.

Nimecheza kwanza sauti yake tupu. Halafu "eee" peke yake. Halafu nimeishusha polepole, hatua kwa hatua, asikie inavyoteremka. Ilipofika chini amevuta pumzi kwa nguvu.

"Mwambie mama," nikasema, "hii njo sauti yake yeye mwenyewe. Sikuchukua kwa mufu. Niliishusha tu."

Akaomba tena. Akaomba tena. Mara ya tano ya kusikiliza akasema:

"Iko kama Monga. Lakini Monga hakuimbaka vile. Monga alikuwa anajibu. Huyu wako anafwata tu nyuma yangu kama mbuzi."

Nimemuuliza Odette amwulize Monga alijibuje.

Mama hakueleza. Aliomba mikro. Nikampa Odette kaske, Odette akamvalisha yeye, na ndani ya kaske nikamchezea sauti yake ya juzi. Akajijibu. Kwanza sehemu ya Monga. Halafu ya dada wa pili. Ya wa tatu, ambaye alichelewa kila mara kwa makusudi, watu wacheke. Piste nne. Katikati ya piste ya tatu amelia kidogo, akaomba turudie.

Amesema hii haitoki lupango.

Jumanne, 17 Juni

Ameondoka jana asubuhi. Wimbo nimeuweka kwenye kadi ndogo, kadi iko kwa Odette. Hakuna besi ndani yake, hakuna ngoma yangu. Wanawake wanne na beseni.

Leo Odette ameosha watoto akijifunza sehemu ya Monga. Anakosea palepale kila mara.

Mimi nilikuwa nasafisha piste ya mwisho. Jumamosi, mama alipomaliza kuimba, Odette alikuwa ametoka kumnyonyesha Kabange na mikro ilibaki wazi. Mama anakohoa. Anauliza, "Inatosha?" Hakuna mtu wa kupeleka neno. Kisha inasikika sauti yangu, mbali, upande wa pili wa ukuta: "Inatosha, mama."

Nimepitisha kisu cha mashini, kile cha kukatia sauti, pale mara mbili. Nimeacha, sikukata.