Kizibao Namba 41

Kampala, 30 Machi 2025

Dada yangu Kavugho,

Salamu nyingi kutoka kwetu wawili. Mgongo wako unaendeleaje, na Estelle ameacha kukohoa? Sisi tunapumua. Mume wako Tarcisio bado anabeba magunia ya viazi sokoni Nakasero. Mimi bado nabeba mifuko ya fimbo za wacheza gofu. Jumapili nilimpeleka aone. Akaniuliza, "Shemeji, watu wazima wanaupiga mpira mbali kwa makusudi, halafu wanakulipa ukautafute?"

Anaitaka kazi hii, lakini kila mbeba mfuko ana kizibao chenye namba, na jina lake limo kwenye kitabu cha ofisi. Changu ni 41. Bila namba getini hupiti.

Tarehe 12 kinakuja chama kimoja cha gofu, ambacho hutoka kucheza pamoja mara moja kwa mwaka. Mwaka jana mvua ilitupiga kuanzia shimo la tatu na hawakukatisha. Wao wana miavuli. Sisi tuna sheria moja: mbeba mfuko haachi mfuko.

Mdogo wako,
Ambroise

Lubero, 6 Aprili 2025

Ambroise wangu,

Barua yako Jean-Claude ameileta na lori lake. Tuko salama, ila simu hazishiki tangu mnara uharibiwe. Habari zote zinapitia kwa katekista mjini. Estelle amepona. Anauliza kama baba yake bado ana ndevu.

Nakuomba jambo moja. Baba Estelle ni mtu wa kukubali. Ukimwambia beba, anabeba. Uwe wewe wa kumkatalia mambo mabaya. Nawe jikinge na mvua, kifua chako nakijua. Nimekushonea shati jeupe la Pasaka, limo kwenye kifurushi.

Dada yako,
Kavugho

Lubero, 15 Aprili 2025

Baba Estelle, mume wangu,

Sikuulizi hali, najua ilivyo. Pole. Katekista amepanda mlima kwa miguu kutuambia kwamba ofisi ya gofu imempigia: Jumamosi, chini ya mti, radi imemuua namba 41, Ambroise. Nimenyoa nywele. Watu wamejaa uani.

Usijilaumu kwamba hukuwa naye. Mvike shati lile jeupe. Ukiwa umeshamzika, litandaze juu ya kaburi.

Nakuandikia neno la dhambi, ukilisoma ulichome. Niliposikia jina lake, kabla sijalia, nilimshukuru Mungu kwamba si wewe.

Mkeo,
Mama Estelle

Kampala, 24 Aprili 2025

Dada,

Leo salamu zimenishinda. Barua uliyomwandikia Baba Estelle nimeifungua mimi, kwa sababu yeye hayupo wa kuifungua. Aliyevaa kizibao 41 siku ile alikuwa yeye.

Asubuhi nilimwambia nina homa. Homa ilikuwa ndogo. Niliona mawingu upande wa ziwa, nikakumbuka mwaka jana. Nikampa kizibao, nikamfundisha sheria yetu. Alikivaa palepale mlangoni akauliza kama kinampendeza.

Mwenzetu Ojera alikuwepo, ndiye aliyenieleza. Ngurumo zilipokaribia, wachezaji walikimbilia gari lao, wakamwita naye aingie. Alitikisa kichwa. Akaukumbatia ule mfuko wa fimbo za chuma chini ya mti, usilowe.

Ofisi ilitazama kitabu, ikaona jina langu, ikampigia katekista kabla sijafika. Nilijua mnanililia mimi. Ningeweza kumpigia katekista, au kuandika, siku ileile. Siku kumi na mbili nimeshika kalamu tu.

Shati jeupe nilikuwa nimeshamvika yeye. Mikono ilimfikia chini kidogo ya viwiko tu. Nilimzika Jumatatu ya tarehe 14, mimi na Ojera na wapakiaji wenzake wa sokoni.

Neno lako sikulichoma. Si dhambi. Mimi pia nilishukuru Jumamosi ile, mvua ilipoanza kugonga bati nami nimelala pakavu.

Jean-Claude atangoja jibu lako mpaka Jumapili. Akirudi mikono mitupu, nitaelewa.

Mdogo wako, ukikubali,
Ambroise